Lawama Niliyoshuka Nayo Mlimani

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama, kifua hakikubani, na vidonge vya asubuhi unavimeza baada ya kula na si kabla, maana najua ulivyokuwa ukibishana na daktari. Mimi sijambo kiasi. Hapa kazini ni msimu wa sare za shule, tunashona tangu asubuhi hadi jioni, na vidole vyangu vimejaa chaki. Barua hii naiandika juu ya meza ya kukatia vitambaa, wenzangu wakiwa wametoka kwenda kula.

Nimekupigia simu mara tisa, hukupokea. Sikulaumu, maana kwa uliyoambiwa hata mimi nisingepokea. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Atakayekuletea ni mtoto wa Baba Mdogo, yule pacha wa miwani, na nimemwagiza akukabidhi wewe mwenyewe, mkononi. Nakuomba, Baba, uisome mpaka mwisho kabla hujamwita mtu yeyote.

Safari yenyewe ilianza kwa furaha, hilo halina ubishi. Ulituona asubuhi ile tukijipakia, watu kumi na mmoja na mizigo ya watu thelathini. Mama alibeba mito miwili akisema hawezi kulalia ardhi bila kitu cha kumjulisha kichwa chake kiko wapi. Baba Mdogo aliapa kwamba kusimamisha hema ni kazi ya dakika tano, na kwa saa nzima tulimtazama akipigana nalo, mpaka lilipomwangukia akabaki anaongea ndani kama mtu aliye kwenye gunia. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Kaka naye alikuwa Meja kwelikweli. Unajua tangu alipokuwa kiranja shuleni jina hilo halijamtoka. Filimbi shingoni, ramani mkononi, anatupanga kama askari na kutusomea masharti: hakuna kutembea peke yako, hakuna kuacha mwenzako nyuma.

Unakumbuka pia ulivyomwambia pale barazani, sote tukisikia. Ulimshika bega ukamwambia, "Dada yangu nakukabidhi wewe." Shangazi alikucheka, akasema amefundisha michezo miaka thelathini na mbili, hahitaji kukabidhiwa mtu kama kifurushi. Lakini Meja aliitikia kwa sauti, na wewe uliridhika.

Siku ya pili asubuhi tulipanda watano: Meja mbele, mapacha wawili wa Baba Mdogo, Shangazi, na mimi nyuma. Wengine walibaki kambini na Mama. Shangazi alipanda vizuri kuliko mimi, Baba. Mara mbili alinisubiri nivute pumzi. Kisha ukungu ukashuka. Haukuja polepole, ulitufunika mara moja, tukawa hatuonani hatua kumi. Nilimwomba Meja tugeuze. Alisema kilele kiko karibu na amekuahidi picha.

Saa nne na nusu Shangazi alikanyaga jiwe lenye ukoga, akateleza. Nilisikia mfupa ukilia. Hakupiga kelele; alikaa tu pale, akalitazama paja lake, akasema, "Basi, hapa pameharibika." Meja alimgusa mguu, akasema ni mshtuko wa misuli. Akatuambia kuna kituo cha walinzi wa hifadhi juu kidogo, ataenda na mapacha kuchukua machela, nusu saa watakuwa wamerudi. Nilimwambia aniachie begi kubwa lenye makoti ya mvua. Alijibu kwamba huko juu kuna upepo, na kwa nusu saa hatutahitaji makoti. Wakaondoka. Ukungu ukawameza.

Mvua ilianza kabla haijafika saa tano. Nilimvua Shangazi viatu, nikamvika sweta langu, nikakaa nyuma yake ili mgongo wake upate joto kifuani kwangu. Mwanzoni alinipa hadithi zako za utotoni, ulivyokuwa unaogopa kuku. Baadaye maneno yakapungua. Midomo ikabadilika rangi. Nilikuwa namuuliza hesabu za kujumlisha ili asilale, naye alikuwa mwalimu, kwa hiyo akikosea nilijua hali ni mbaya. Mara moja nilisikia filimbi juu yetu. Nikapiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Hakuna aliyejibu.

Walinzi wawili, mwanamke na mwanamume, ndio waliotukuta, saa tisa kasorobo. Baba, hawakuwa wametumwa na mtu. Walikuwa wanashuka kwenye doria yao. Yule mwanamke aliuliza nani katuacha pale, nami nikasema kaka yangu ameenda kwenye kituo chenu cha juu. Wakatazamana. Akaniambia kwa upole kwamba juu hakuna kituo, hakijawahi kuwepo. Kituo kiko chini, mita mia tatu kutoka tulipopiga kambi, na kimechorwa kwenye kila ramani kwa rangi nyekundu.

Nilitaka kuamini kwamba Meja aliisoma ramani vibaya. Naapa nilitaka. Alipofika kambini na mapacha, saa kumi na nusu, akakuta Shangazi anapakiwa kwenye gari, uso wake ulibadilika. Akasema ukungu uliwapoteza njia, wamezunguka mchana kutwa wakitafuta msaada. Mapacha walikuwa wanatazama viatu vyao. Nikamwonea huruma kaka yangu. Hata nikamshika mkono.

Sasa nakuja kwenye lile linalonikaa kooni.

Pale hospitali, Shangazi akiwa ameingizwa chumba cha upasuaji, Mama aliniita nje, kwenye bomba la maji ambapo watu huosha vyombo vya wagonjwa. Akanishika mikono yote miwili. Alisema daktari alionya kwamba moyo wako hautaki mshtuko tangu ulipopasuliwa. Alisema ukisikia kwamba Meja, uliyemkabidhi dada yako na unayetaka kumpa karakana yako, alimwacha mlimani, utaanguka na hutainuka. Kwa hiyo niseme mimi ndiye niliyemtoa Shangazi kwenye njia, nikitaka tupige picha maua ya upande wa pili, na Meja alikuwa mbele hakujua. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamuuliza kwa nini mimi. Akanijibu, "Mwanangu, wewe utasamehewa. Yeye hatasamehewa."

Nikakubali.

Kwa hiyo nilipokuja kusimama mbele yako pale sebuleni nikakuambia ni mimi, nilikudanganya, Baba, nikikutazama machoni. Uliponiambia nisikanyage tena nyumbani kwako mpaka utakaponiita, Meja alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi lako. Baba Mdogo alitoka nje. Wiki iliyofuata nikasikia umemkabidhi Meja funguo za karakana, na kwamba picha ya kilele aliyokuletea umeitundika ukutani. Alikuambia aliipiga alfajiri siku ya kuondoka, alipopanda peke yake kushukuru kwamba Shangazi amenusurika. Hilo nalo nililimeza.

Nililimeza mpaka Jumanne iliyopita, pacha wa miwani alipokuja hapa kiwandani. Alisimama kati ya mashine, mikono mifukoni, nikamwambia aseme kilichomleta maana msimamizi anatutazama. Akatoa simu. Akanionyesha picha ile ile, na nyingine nane ambazo hukupewa. Katika hizo nane wako watatu kileleni, wamevaa makoti ya mvua, Meja ameinua mikono juu. Simu inaonyesha zote zimepigwa siku ile ile Shangazi alipoanguka, kuanzia saa sita na dakika kumi mchana. Mimi na dada yako tulikuwa chini yao kwenye mvua.

Alinieleza kwamba hawakupotea hata dakika moja. Meja aliwaambia mguu haujavunjika, kilele ni mwendo mfupi, watapiga picha kisha watashuka kumbeba Shangazi bila mtu kujua. Filimbi aliipiga yeye, kwa furaha. Na sauti yangu waliisikia. Yeye na pacha mwenzake walitaka kurudi, Meja akawaambia, "Akiita maana yake wako hai. Twendeni." Juu huko ukungu ulizidi, wakasubiri upungue, na waliposhuka hawakutukuta.

Ningeweza kuishia hapo, nikasema kaka yangu amenisaliti, basi. Lakini yule kijana alikuwa bado hajamaliza. Alisema lilimshinda kulibeba, na siku ile ile hospitalini, kabla ya Shangazi kuingizwa kupasuliwa, alimwendea Mama akamweleza yote na kumwonyesha picha. Mama alimwambia anyamaze. Kisha akaja kuniita bombani.

Kwa hiyo aliponishika mikono, Baba, alikuwa anajua. Hakuwa anamfichia mtu aliyepotea njia. Alinitazama mimi niliyekuwa bado nimelowa, akachagua.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilikubali upesi vile, na leo nakuungamia, kwa sababu hili ni langu na si la mtu mwingine. Haikuwa kwa ajili ya moyo wako peke yake. Ni kwamba Mama alikuwa amenishika mikono. Tangu nikiwa mtu mzima hajawahi kuniomba kitu, vyote huombwa Meja. Nikaona kumbe nami nahitajika. Naona aibu kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Shangazi alipozinduka aliambiwa nimeshakiri, na akaambiwa habari za moyo wako. Nilipokwenda kumwona alinigombeza mpaka muuguzi akaja. Akasema hataniumbua kwa kunitangulia kusema. Siku nitakayosema mwenyewe, atasimama nyuma yangu, hata kwa magongo.

Jana nilikwenda kliniki kwako, nikamuuliza daktari wako kama habari mbaya zinaweza kukuangusha. Alishangaa. Alisema hajawahi kumpa mtu onyo la namna hiyo, na kwamba moyo wako sasa unafanya kazi kuliko wake. Ndipo nilipokuja kutafuta karatasi.

Sikuombi umnyang'anye Meja funguo. Sikuombi umgombeze Mama. Nimechoka tu kuwa mtu aliyefanya nisichokifanya.

Jumapili mchana Shangazi anaruhusiwa kutoka, na amesema anakuja kwako moja kwa moja, nimlete mimi. Nitagonga mlango nisubiri. Ukifungua wewe, nitaingia. Akifungua mwingine yeyote, nitamkabidhi Shangazi, nitashusha mizigo yake, nigeuke.

Nisalimie Baba Mdogo na wote hapo nyumbani. Mama pia msalimie. Usimwambie nimeandika nini; mwambie tu kwamba nimeandika, naye atajua.

Wako akupendaye,
Binti yako