Jina Lako Kwenye Seva ya Katikati

Baba Shamila,

Eda imekwisha, nimerudi kituoni, dirishani pangu pa kuandikisha wagonjwa. Mtoto bado ananyonya, usingizi sina. Juzi asubuhi fundi wa kompyuta aliyeshika nafasi yako alinifuata kwa adabu.

"Shikamoo, Mama Shamila. Nimeambiwa niifunge akaunti ya marehemu. Tulisubiri utoke eda kwanza."

Nikamwambia funga. Nilisema upesi, nisije nikalia mbele za watu.

Akaifunga. Chai yangu haijapoa, mfumo ukasimama. Naandika jina la mgonjwa, halifiki popote. Maabara kimya, chumba cha dawa kimya. Bibi mmoja wa Lulindi akapaza sauti kwenye foleni: "Mtandao, mtandao! Mimi nimezaliwa kabla yake, nipimeni tu!"

Nikaikumbuka harusi ya mdogo wako kule Newala. Nilikuuliza kazi yako hasa ni nini, ukanionyesha watu wakila. "Mgeni haingii jikoni, Mama Shamila. Anamwambia mgawaji, mgawaji ndiye anayekwenda kwenye sufuria. Dirisha lako ni mgeni, kumbukumbu za wagonjwa ni sufuria. Mimi namtunza mgawaji."

Nikakucheka: "Basi mwambie aniongezee nyama."

Nikamwomba fundi afungue ule ukurasa wako wa usimamizi. Taa ya madirisha kijani, ya kumbukumbu kijani, ya katikati, ya yule mgawaji wako, nyekundu. Kumbe programu ya katikati uliiwasha kwa jina lako mwenyewe, na neno lako la siri. Miezi yote niliyokaa ndani, kila mgonjwa alikuwa anapitia kwako.

Fundi akakufungua, kazi ikarudi. "Tumwache tu, mama. Hana ubaya."

Nilitamani, mume wangu. Wallahi nilitamani. Lakini siku fundi huyu naye akiondoka, nani atajua kwamba foleni yote imemwegemea mtu asiyekuwepo? Nikasema hapana, programu ipewe akaunti yake yenyewe. Jioni, wagonjwa walipokwisha, akaitengeneza. Tukazima, tukawasha: kijani. Nikamwambia anipishe kwenye kiti, nikakufunga mimi.

Hukufanya vizuri kuiacha vile, nakusema kidogo. Kila kitu ulitaka ukibebe mwenyewe, hata nyumbani.

Leo wa kwanza dirishani alikuwa yule bibi, amefuata dawa. Nikaandika jina lake. Likafika.

Zamu yako imekwisha, baba. Nyingine nimeishika mimi.

Mkeo,
Mama Shamila