Kuchoma kwa Huku Si Kuchoma Nyama

Mwakitolyo, Shinyanga
Siku ya thelathini na moja tangu nijifungue

Mama yangu,

Shikamoo. Na baba mpe shikamoo yake, hata kama bado amenuna. Magoti yako yanaendeleaje? Palizi ya mikorosho mmemaliza, au bado mnamsubiri kaka aamke? Mimi ni mzima, maziwa yanatoka, na mjukuu wako Milembe ananyonya kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Mashavu yamejaa mpaka shingo imepotea. Hayo ndiyo mazuri, nimeyatanguliza ili yaliyobaki uyasome bila kushika kifua.

Barua hii anakuletea dada Zainabu, binti wa jirani yetu anayekuja huku kuuza vitenge. Nimeamua kuandika kwa sababu juzi kwenye simu hukunipa nafasi. Ulisema, "Somoe, umetutia aibu, umemtoa mtoto nje kabla ya arobaini," ukalia, kisha simu ikakatika, sijui ni mtandao au ni wewe. Nilibaki nimekaa na mtoto mapajani, hasira zimenijaa. Hasira hizo ninazo mpaka leo na ninaandika nazo, kwa hiyo ukikuta maneno makali, vumilia.

Mkweo, huyu mume wangu, ndiye aliyekupigia, najua. Mtu ambaye hata sikukuu hakumbuki kuwasalimia, siku hiyo namba yako aliikumbuka. Na alijua pa kugusa. Kwao Usukumani hawana arobaini kama yetu, mzazi akipata nguvu anatoka zake. Lakini alikaa kwetu Nachingwea miaka minne akichunga ng'ombe wa baba yake, mila zetu anazijua vizuri, akachagua ile moja itakayokuuma wewe. Nilichokimbia hakukutajia. Sasa nisikilize mimi.

Unakumbuka nilikusimulia wiki ile ya kwanza nilipofika huku, nikiwa na mimba changa? Asubuhi alitoka akiniambia, "Leo jioni tunachoma." Mimi nikafurahi kama mjinga. Nikamenya vitunguu, nikakata kachumbari, nikasaga pilipili, nikaosha sahani sita kwa sababu alisema anakuja na wenzake. Jioni wakaja wanaume watano na kiberiti. Nikauliza nyama iko wapi. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Walifungua kile kiberiti, ndani kulikuwa na kipande cha dhahabu kisichozidi punje ya mahindi. Hiyo ndiyo ilikuwa imechomwa.

Ulicheka sana nilipokusimulia, nami nilicheka. Nikueleze basi kuchoma kwenyewe, maana siku ile sikukueleza. Mawe yakitoka kwenye duara, yaani shimo lao, yanasagwa kwenye karasha yakawa unga. Unga unaoshwa, unachanganywa na zebaki, na zebaki inakamata dhahabu yote. Wanakamulia kwenye kitambaa, linabaki donge jeupe. Donge hilo ndilo wanaliweka kwenye chuma juu ya jiko la mkaa. Zebaki inaondoka na moshi, dhahabu inabaki. Muuguzi wa zahanati alituambia mapema kabisa, tukiwa na matumbo yetu kwenye benchi, "Moshi wa zebaki hamuuoni wote, lakini unaingia kichwani, na wa kwanza kuumia ni mtoto mchanga. Msikae wanapochoma." Mimi nikaona hainihusu, kwa kuwa enzi hizo walichomea kule kwenye karasha, mbali na nyumba.

Nilipojifungua nilifuata kila ulichoniagiza. Maji ya moto, uji wa pilipili manga, tumbo kulifunga, na mlango sikuuvuka. Wanawake wa hapa walinitania kwamba nimefungwa jela bila kesi. Nikawaambia ndivyo mama yangu alivyonilea, na ndivyo nitakavyomlea huyu.

Sasa kumbe arobaini yangu ina watu wengine walioipigia mahesabu. Mzee Luhende, mwenye duara analofanyia kazi mume wangu, ndiye pia mwenye nyumba tuliyopanga. Alianza kuona kwamba kule kwenye karasha macho ni mengi, kila mtu anachungulia kilichotoka. Akasema bora wachomee ndani, jikoni, ambako ukuta mmoja tu unatutenganisha, na ukuta wenyewe haufiki kwenye bati. Mume wangu badala ya kumwambia kuna mtoto mchanga, unajua alisemaje? Alisema, "Tena vizuri, Mama Milembe hatoki, atatuangalizia vitu." Nilimsikia kwa masikio yangu. Mila yako, mama, waliigeuza ulinzi. Mimi nimekaa ndani nimlinde mtoto na upepo, wao wamenikalisha ndani nilinde zebaki.

Siku ya kumi na moja nilisikia koo linawasha, na mdomoni ladha kama nimelamba msumari. Nikainuka, nikachungulia jikoni. Mzee Luhende alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, anapuliza mkaa. Na juu ya jiko, mama, kulikuwa na kikaango chako. Kile ulichonipa siku naondoka, chenye mpini aliokaza baba kwa waya. Donge la zebaki limekaa katikati pale ninapovunjia mayai.

Niliuliza, "Kikaango changu mmekianza lini?" Mume wangu akajibu kama mtu anayeulizwa habari za mvua. "Tangu mwaka jana. Si tunakiosha tunakirudisha?" Mwaka jana nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Nilikuwa nakaanga mayai humo kila asubuhi kwa sababu wewe uliniambia mayai yatampa mtoto nguvu. Nilikula mimi, akala yeye tumboni. Nilikaa chini nikalia, na wale wawili wakaniangalia kama mtu aliyepandwa na mashetani.

Nilisema na Mzee Luhende kwa adabu, maana ni mzee. Nikamwomba wakachomee mbali. Akaniambia, "Binti yangu, mimi nimechoma tangu mumeo hajazaliwa, mbona mzima?" Mzima! Kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili na bado chai inamwagika kwenye sahani. Ukimuuliza anasema ni baridi. Baridi ya Shinyanga saa saba mchana.

Bado sikutoka. Hapo ndipo ninapotaka uelewe, mama. Nilivumilia siku nane nyingine kwa ajili yako. Niliziba ule uwazi wa juu ya ukuta kwa khanga na magunia, nikamfunika mtoto, nikajiambia wewe ulikaa arobaini zako tano na hukulalamika.

Siku ya kumi na tisa Milembe alilia tangu asubuhi, kakunja miguu, tumbo gumu. Nikakumbuka ile dawa ya chango uliyoniagiza ninunue, ya kwenye kichupa cha kahawia. Niliiweka rafuni, juu ya kitanda. Nikamlaza mtoto, nikashika kijiko, nikanyoosha mkono bila hata kuangalia. Nikakishika kichupa, mkono wote ukashuka. Kichupa kinachoenea kiganjani, halafu kina uzito wa nusu kilo ya sukari. Nikakifungua. Ndani kulikuwa kunang'aa.

Walikuwa wameokota kichupa changu cha kwanza kilichokwisha, wakatia zebaki yao, wakakiweka rafuni kwangu kando ya dawa ya mtoto. Kwa sababu ni mahali salama. Kwa sababu Mama Milembe hatoki. Sijui ningeona au nisingeona kabla haijafika mdomoni kwake. Huwa najiambia ningeona. Lakini kama siku hiyo angekuwa na mtoto mtu mwingine, mwenye haraka? Sitaki kulifikiria na nalifikiria kila nikimpa titi.

Mume wangu alipoingia nilimwonyesha. Akakichukua, akakikaza kifuniko, akahakikisha hakijamwagika. Kisha akaniuliza, "Kwani amekunywa?"

Nikasema hapana.

"Sasa kelele za nini?"

Mama, nimeishi na mtu huyu miaka miwili na nusu, na ninampenda, sikufichi. Ni mtu wa kucheka, ni mtu wa kazi, mtoto alipozaliwa alimwimbia Kisukuma mpaka wauguzi wakamtoa wodini. Lakini neno lile halijanitoka. Usiku haukunipa jibu lingine. Kulipokucha nilimfunga Milembe, nikaweka nguo zake kwenye beseni, nikavuka mlango siku ya ishirini. Upepo ulikuwepo kweli, ulitupiga, nami niliushukuru kwa sababu haukuwa na harufu ya msumari.

Nilikwenda kwa Mama Shija, mama mmoja mjane anayelima mpunga pembeni ya machimbo. Tulijuana zahanati, alikuwa amempeleka mjukuu wake. Aliponiona na beseni hakuuliza kitu. Alisema tu, "Karibu mayu. Huku kwangu kuna moshi wa kuni peke yake, na huo unauona." Mayu ni mama kwa Kisukuma. Ameniachia chumba chenye kitanda cha kamba, ananikanda kwa maji ya moto yeye mwenyewe, na arobaini naimalizia hapa, ndani, kama ulivyotaka. Kwa hiyo anayekwambia nimeivunja, mwambie nimeihamisha.

Zahanati nilipita njiani. Muuguzi alimpima mtoto, akamwangalia macho, akasema mpaka sasa hajaona tatizo ila nimlete kila wiki wamtazame. Nikamweleza habari za arobaini, nikidhani atanigombeza. Akasema, "Arobaini kaa. Ila usikae pale." Nimekuandikia neno kwa neno.

Halafu nasikia kutoka kwa Zainabu kwamba mmekaa kikao, mjomba aje huku anirudishe nyumbani kwangu na niombe radhi. Radhi ya nini, mama? Nimwombe radhi nani, yule mzee anayemwaga chai, au kile kichupa? Mjomba asijisumbue. Akija kunisalimia, karibu, nitamchinjia kuku. Akija kunirudisha, atamkuta Mama Shija mlangoni na mwiko wake, na mama huyu akikasirika Kiswahili chote kinamtoka, kinabaki Kisukuma kitupu. Na wewe ndiye umeniuma zaidi ya wote. Uliniamini mimi nikiwa mdogo nikisema ng'ombe wamekula mihogo, leo nina mtoto unamwamini mwenye ng'ombe.

Usidhani nimemnyima mume wangu mtoto wake. Anakuja kila siku akitoka kazini. Nimemwekea ndoo na sabuni nje ya uzio, na shati safi kwenye kamba. Avue za kazi, aoge mpaka kwenye viwiko, avae, ndipo nimpe Milembe. Siku ya kwanza alinuna, akasema nimemfanya mgonjwa wa kipindupindu. Sasa anaoga bila kuambiwa na Mama Shija anamtania kwamba tangu aoe hajawahi kuwa msafi hivi. Anamshika mtoto, anamwimbia, mtoto anamkodolea. Kisha ananiambia, "Rudi basi, mama. Watu wanasema." Mimi namuuliza kitu kimoja tu, kila siku hicho hicho. Kikaango kiko wapi? Siku ya kwanza akajifanya anamwimbia mtoto. Siku ya tatu akasema kipo. Jana kaja na uso wa ushindi kabisa, kaniambia amekitoa jikoni, amekiweka uvunguni mwa kitanda. Uvunguni mwa kitanda atakacholala mtoto tukirudi! Nilicheka, mama, halafu nikamfungia mlango.

Jina la Milembe alilitoa yeye, kwa Kisukuma maana yake ni amani. Najua kaka atalitania kwa sababu ya ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, mwambie anyamaze, ni jina la bibi yake mtoto upande wa baba. Mwenye amani ndiye aliyeniingiza vitani, na sijuti.

Nisalimie bibi aliyenifundisha kufunga tumbo, mwambie fundo lake bado linashika. Nisalimie kaka, na wifi yangu anayemvumilia. Shangazi mshona nguo mwambie zile kofia za mtoto zimefika, moja inamtosha, nyingine inanitosha mimi. Mjomba msalimie pia, kwa heshima zote, akiwa huko huko. Na baba umwambie mpini aliokaza bado haujalegea, hilo ndilo linaloniuma.

Mkweo atakupigia tena, namjua, akiona mimi sirudi. Atakusalimia vizuri, atakuita mama. Usimuulize mimi ninarudi lini. Kile kikaango ni chako, ulikinunua wewe kwa mikono yako, una haki ya kukiulizia kuliko mtu yeyote. Muulize kiko wapi. Kisha nyamaza, usimsaidie, umsikilize anavyotafuta maneno.

Ni mimi mwanao,
Somoe, Mama Milembe