Uso Waliousifu Siku ya Matanga Yako

Dada yangu mkubwa, Yaya Feza,

Siku ya kuondoa matanga yako watu waliusifu uso wangu. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na mengine nitalizunguka, na nimelizunguka vya kutosha. Shangazi Godeliva, aliyefika kwa boti kutoka Mpala, alinishika mabega, tukagusana vichwa kushoto, kulia, kushoto, kisha akanisogeza mbali kidogo ili anitazame. "Faida, uko bien," akasema. "Kilio haikukumaliza. Uso iko safi kama ya mutoto." Nikacheka. Nilicheka, Yaya, tena nikamshukuru.

Uso huo ulikuwa safi kwa sababu nilikuwa nimeacha dawa.

Wewe hukuijua dawa hii, ilikuja umeshakwenda. Ngoja nikueleze taratibu, kama ulivyotaka nikueleze mambo ya biro, ya kazini kwangu: moja baada ya jingine, bila Kifaransa kingi.

Baada ya kukuzika, redio ilitangaza kwamba daktari, munganga wa ngozi, anakuja kutoka Lubumbashi kuwaona watu kama sisi, wenye ualbino. Aliyesikia ni Mama. Majuma yale alikuwa hasemi na mtu, anapanga visamaki vyake vya ndagala na kuvipangua, lakini asubuhi ile aliingia chumbani akasema, "Vaa. Weye nitakupeleka mimi mwenyewe." Uani hospitalini tuliwakuta wenzetu wengi kuliko nilivyojua wamo Kalemie, kila mmoja chini ya kofia au kitenge, kila mmoja ameshatafuta ukuta wake wa kivuli. Tulitazamana bila kusalimiana. Ungekuwepo ungesema kitu, na ua mzima ungecheka.

Munganga ni mama wa makamo. Hakuanza na macho, alianza na vidole. Alipitisha kidole kwenye paji la uso, juu ya pua, ukingoni mwa masikio, na kila kidole kilipokwaruzwa alisimama. Ni yale magamba madogo makavu ambayo mimi na wewe tuliyaita chumvi. Unakumbuka tulivyokuwa tukibanduana jioni huku tunapiga soga? "Chumvi yako imerudi, Kadogo, geuka." Tulidhani ni uchafu wa jua tu. Munganga akaniambia, "Hii si kansa. Hii ni njia ya kwendea kansa. Tunaifunga ingali njia." Mama, aliyeketi nyuma yangu, alishusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishika tangu makaburini.

Dawa yenyewe ni pomadi. Asubuhi na jioni unavaa glavu, unapaka nyembamba, mbali na macho na midomo, unanawa, na hutoki juani. Hakunificha kitu. "Itachoma mahali pabaya, pazuri itapaacha. Uso utakuwa mubaya sana mbele ya kuwa muzuri. Watu watasema. Usiache katikati."

Siku za kwanza sikuona kitu, nikadhani nimepewa mafuta ya kawaida. Kisha wekundu ukajitokeza pale palipokuwa na chumvi. Kisha ukajitokeza hata pale ambapo mimi sikujua kuna kitu, shavu lote la kushoto mpaka chini ya jicho, upande unaoelekea dirisha la biro. Pomadi ilikuwa inaona nisichokiona. Ngozi ikafunguka, ikatoa maji, ikaota magaga. Asubuhi foronya ilinata shavuni. Nikipiga mwayo, panapasuka.

Na kioo, Yaya. Nilipojitazama kwenye kioo nilikuona wewe. Wewe wa mwaka ule ulipoanza kujifunga kitambaa usoni hata ndani ya nyumba. Nikakigeuza kioo kikatazama ukuta.

Nje walikuwa na maelezo yao. Mama Shukuru, jirani yetu wa maandazi, alinisubiri mpaka wateja wawe wengi. "Weye Faida," akasema, "mweupe namna hii na bado unajichubua? Unataka wakuone mupaka ng'ambo, Kigoma?" Watu wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Ulikuwa utani mzuri, ningeucheka kama ungekuwa wa mtu mwingine. Lakini ona nilichojibu. Nilisema, "Nilidanganyika na mafuta ya sokoni, Mama." Niliogopa kulitaja lile neno, kansa, maana ningelitaja tu wangeanza kunipangia kaburi pembeni mwako. Nikachagua kuitwa mjinga. Nilirudi na maandazi yangu, na sikuweza kuyala.

Kule biro bosi alinihamishia chumba cha nyuma. Alisema kwa upole, "Pumzika kidogo, wateja uwaachie wenzako, Faida." Nikamwambia asante. Naye nilimwambia ni mafuta ya sokoni.

Kisha familia ikataja tarehe ya matanga. Vitenge vya sare vikanunuliwa, mpiga picha akaitwa. Nikaiwaza hiyo picha ukutani kwa Mama, miaka na miaka, nyuso zote za ukoo na katikati yake uso huu. Nikawawaza wazee wa Mpala wakija mmoja mmoja, kila mmoja analeta kichwa chake kwenye changu, na mimi narudi nyuma kwa sababu inauma, au wao wanarudi nyuma kwa sababu wameona. Nikasikia wanavyonong'ona jikoni: "Na huyu naye." Nilikuwa katikati hasa ya dawa, pale pabaya kuliko pote. Nikaichukua pomadi nikaiweka chini ya nguo sandukuni. Mama alipouliza, nilisema ninapaka chumbani. Nilikuwa ninapaka mafuta ya mawese.

Magaga yakadondoka, ngozi ikaja laini, ya waridi. Unajua daftari langu ulilokuwa ukilicheka, "Faida anaandika hata mvua." Majuma yale sikuandika chochote. Nilipoishika kalamu niliona haya mbele ya karatasi, kama karatasi ingeniuliza.

Basi siku ikafika, nikasifiwa. Siyo Shangazi peke yake. Wamama wa kwaya walinisifu, na hata Mama Shukuru, aliyekuja kusaidia kupika, alinipitia na sinia akasema, "Ah, sasa umerudia kuwa muntu." Nilisimama katikati ya picha. Nilijua pa kuweka kidevu ili nitoke vizuri.

Kisha baba mdogo akasimama kukuzungumzia. Hakusema mengi. Alisema, "Feza njo alikausha ndagala ya nyumba hii," na watu wakaitikia, ndiyo, ni yeye. Nikashindwa kuinua uso. Kwa sababu mimi ninajua ulikaa ufukoni tangu mwaka gani, na kwa nini. Minerval, ada ya shule, ilitosha ya mtoto mmoja. Baba yetu, Papa, alikuwa anatutazama wewe, mimi, wewe. Ukasema, "Kadogo aende. Hesabu ya samaki inanitosha." Ukaenda kugeuza ndagala mchangani, asubuhi mpaka jua linashuka, upepo wa ziwa unakuvua kitenge na wewe mikono yako imejaa samaki huwezi kukirudisha. Mimi nilikuwa darasani, chini ya bati. Jua lako ndilo lililonilipia kivuli, Yaya. Kisha nikapewa dawa ambayo wewe hukupewa, nikaificha chini ya nguo ili nipendeze kwenye

Nimeiacha hapo juu kama ilivyo. Sikuweza kuimaliza.

Wageni walipoondoka tulibaki na masufuria. Mama alikuwa anasugua lile kubwa la wali. Bila kuinua kichwa akasema, "Uliachaka." Haikuwa swali. "Feza naye alikuwaka anapona hivi," akasema. "Tunafurahi. Halafu inarudi." Akaendelea kusugua. Ningependa angenipiga.

Kesho yake nilirudi hospitalini peke yangu. Munganga alikuwa ameshaondoka, lakini alikuwepo muuguzi aliyeachiwa wagonjwa wake, akampigia simu mbele yangu. Waliniuliza kwa nini niliacha. Nilisema kulikuwa na sherehe. Neno hilo lilipotoka mdomoni nilitamani liniue. Munganga hakunikemea. Alisema wengi huacha palepale nilipoacha mimi, uso unapokuwa mbaya kuliko wakati wowote, na kwamba tunaanza tena mwanzo. Muuguzi akapitisha kidole chini ya jicho langu la kushoto. Kilikwaruzwa. Katika ule uso safi walioupiga picha, chumvi ilikuwa imeshaanza kurudi.

Kwa hiyo nimeanza tena, na leo ninapokuandikia niko pale pabaya. Shavu limefunguka, kope la chini limevimba. Biro nimeomba ruhusa, na safari hii nimesema ni dawa ya hospitali. Bosi aliuliza kama inaambukiza. Nikamwambia hapana. Nadhani hakuamini, lakini ruhusa alitoa.

Kwa Mama Shukuru nilikwenda jana. Niliona mdomo wake unajiandaa, nikamtangulia. Nikasema sijichubui, ni dawa ya kuzuia kansa, na kwamba Feza alikufa kwa kansa ya ngozi, siyo kwa malaria kama tulivyosema kilioni. Hakuna aliyecheka. Alinifungia maandazi kwenye karatasi, akayaweka juu ya meza badala ya kunipa mkononi. Hela zangu nazo aliniambia niziache hapohapo mezani. Nilidhani nikisema ukweli nitajisikia mwepesi. Sikujisikia mwepesi. Nilitembea mpaka nyumbani nikitazama chini. Nakwambia hivi ili usidhani mdogo wako amekuwa shujaa.

Kitu kimoja tu kimebadilika, na hicho ndicho nilichotaka ukijue. Sipaki tena mwenyewe. Juzi Mama aliingia, akanyoosha mkono, akasema, "Leta." Akavaa glavu, ikamkwama kwenye vidole vile vyake vya kazi. Akanikalisha kwenye kigoda karibu na mlango, penye mwanga, akaanza kwenye paji la uso. Hakuwahi kukigusa kidonda chako, Yaya. Kila alipotaka kukiona ulijifunga kitambaa ukamwambia, "Haiumi, Mama," na akaenda akakaa nje. Mimi nilikuwa ninamwona akikaa nje. Alipofika chini ya jicho langu akauliza, "Inauma?" Mdomo wangu ulikuwa umeshajiandaa kusema haiumi.

Nikasema inauma. Inauma sana, Mama.

Mkono wake ukasimama. Kisha ukaendelea, taratibu zaidi, akinipulizia kama tulivyokuwa tukipuliziwa tulipojikwaa tukiwa wadogo. Hakulia. Alisema, "Sawa. Sasa ninajua ninapaka wapi."

Sikulaumu. Ulikuwa unamlinda, nami ningefanya hivyohivyo, na nimefanya hivyohivyo, kwa uongo mbaya kuliko wako.

Mama anauliza sasa ninaandika nini muda wote huu. Nimemwambia ninakuandikia wewe. Amesema nikusalimie, na kwamba ndagala za msimu huu ni nzuri, nono, na kwamba ameacha kuzikausha saa za jua kali, anawalipa vijana wa jirani wazigeuze. Ameshavaa glavu, ananingoja pale mlangoni, mahali ambapo kila anayepita barabarani ananiona.

Kwa hiyo nakuaga, Yaya. Bakia muzuri huko uliko. Siwezi kukuahidi kwamba sitaona aibu, ninaiona hata sasa na mlango bado sijaufikia. Ninachokuahidi ni kwamba nitakwenda nikae pale nayo, na nitapakwa hivyohivyo mpaka munganga aseme basi. Ikirudi, nitakaa tena.

Mdogo wako,
Faida