Gari la Kupeleka Watoto Shule

Takaba,
Jumapili mchana

Baba yangu,

Shikamoo. Goti lako la kushoto, lile lililokanyaga klachi za malori miaka yote ile, linaendeleaje? Na Mama, kile kifua kimemwachia? Mimi ni mzima, ila midomo imepasuka kwa upepo na pua imebabuka kwa jua. Ningeweza kukupigia simu mtandao ukitulia, lakini nakujua. Kabla sijafika katikati ya habari ungekuwa umeshaanza kunieleza ilivyopaswa kufanywa. Barua haikatizwi. Kaa uisome mpaka mwisho, kisha ubishe.

Habari yenyewe ni ya lile gari.

Siku niliyolileta nyumbani Voi ulilizunguka mara moja tu ukacheka. X-Trail kuukuu, umri wake umewapita wanafunzi wangu wote. Mita zake ziko katikati ya dashibodi, ukasema ni kama saa ya sebuleni. Kile kioo kikubwa cha juu kinachofunguka ukakiita upuuzi wa watu waliokosa jua. Ukatangaza mbele ya majirani kwamba likifika Takaba litafugiwa kuku. Ukaongeza, na mashahidi wapo, kwamba siku likibeba mzigo wa maana huku kaskazini, wewe ambaye hujawahi kukubali kuendeshwa na mtu, utakuja upande kiti cha nyuma. Maneno hayo niliyaweka.

Na huku pia walinicheka. Hassan, jirani mwenye Landkruza ya kubeba sukari na abiria, aliligonga boneti kwa kidole akaniambia, "Mwalimu, hii ni gari ya kubeleka watoto shule. Huku hakuna lami." Nikamwambia mimi ni mwalimu, nipeleke nini kama si watoto shule? Wakacheka zaidi, na jina likaganda.

Sasa nikujulishe Eeddo Dahabo, mwenye nyumba wangu. Eeddo ni shangazi kwa Kisomali, na mji mzima humwita hivyo. Ni mjane. Maziwa ya ngamia wake ndiyo kula yake na ndiyo yaliyomsomesha bintiye, na ngamia hao huchungwa na mwanawe Abdi huko ng'ambo ya laga, yaani ule mto wa mchanga unaopata maji mvua ikinyesha tu. Wiki iliyopita Abdi alifika kwa miguu, uso umemwiva. Silanga, yaani bwawa la maji ya mvua, waliyokuwa wakinywea imekauka. Nyingine yenye maji iko upande huu wetu, lakini kundi halitaki kutoka. Addey, ngamia mweupe anayevaa kengele ya mbao na kuongoza wenzake, amezaa. Ndama ni dhaifu, miguu haijashika. Mama hamwachi ndama, na kundi halimwachi mama. Wote wamesimama pale na kiu yao.

Eeddo hakulia wala kulalamika. Alinigeukia akasema tu, kwa ile p yao inayotoka b, "Mwalimu, nikibotesa Addey, nimebotesa wote." Moyo uliniuma, Baba, maana huyu mama alinipokea nikiwa sijui hata kuomba maji kwa lugha yao.

Hassan alikubali kumchukua ndama nyuma ya Landkruza, lakini kwanza alikuwa amepakia sukari mpaka juu, na abiria juu ya sukari. Akatangulia asubuhi iliyofuata. Eeddo na Abdi hawakupata nafasi, nikawabeba mimi. Tulipofika laga tulimkuta Hassan katikati, amezama hadi ekseli, abiria wote chini wanachimba kwa mikono.

Nilikumbuka ulivyonifundisha. Nikashuka, nikapunguza upepo kwenye tairi zote mpaka zikakaa tipwatipwa, nikabonyeza kitufe kinachofunga magurudumu yote manne yavute pamoja, nikalitoa mbio bila kusita. Gari jepesi, Baba. Lilielea juu ya mchanga ule, likampita Hassan ubavuni. Sikupiga honi. Nilitamani sana, lakini sikupiga.

Huko malishoni tulilaza kiti cha nyuma, tukamwingiza ndama, Abdi akaketi naye amekunja miguu. Nikafunga vioo vyote na kuwasha kiyoyozi, nikidhani nawatendea wema. Hatukufika mbali. Addey alisimama, akanguruma, akageuka kurudi mahali alipozalia, na kundi zima likageuka naye. Nikapiga honi. Ndipo wakakimbia hasa.

Eeddo alinitazama kama mtoto wa chekechea. "Mwalimu, wewe umeficha mtoto yake. Mama atafuata sanduku?"

"Nishushe vioo?"

"Vioo ni chini. Yeye anaangalia juu." Akanyoosha kidole kwenye paa. "Hiyo mlango ya jua. Fungua."

Nikafungua. Abdi akamwinua ndama, na shingo ile ndefu ikapanda, kichwa kikatokeza juu ya paa, masikio yamesimama. Ndama akalia. Addey alikuja mbio, akamnusa kichwani, akamramba, na kuanzia hapo asingeachana na gari langu hata kwa fimbo. Kengele ya mbao ikaanza kugonga nyuma yetu, na ngamia wote wakajipanga.

Hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza, na hapa nakuomba uvae miwani vizuri. Mchanga unataka mbio. Ngamia anataka polepole. Nikikimbia kwenye laga, Addey atampoteza mtoto machoni na kugeuka. Nikienda mwendo wa ngamia, nitazama kama Hassan, na kundi lishachoka kusubiri. Nilisimama ukingoni. Nikapunguza upepo zaidi. Nikaingiza gia ya chini kabisa, nikaondoa mguu kwenye mafuta, nikaliacha gari litambae lenyewe.

Likatambaa. Zile mita zako za sebuleni zikanifaa, kwa sababu mimi macho yangu yalikuwa mchangani, na Eeddo kando yangu aliuona mshale wa joto wazi kabisa. "Mwalimu, inabanda," akasema. Kisha, "Bado inabanda." Nikawasha hita mpaka mwisho, kama ulivyonifundisha siku ile kwenye mlima wa Wundanyi, injini itoe joto lake kwetu. Jua la Takaba, Baba, na hita inapuliza usoni. Eeddo alijifunika kwa mtandio akamwomba Mungu anirudishie akili. Kisha akauchungulia mshale. "Wallahi," akasema, "imelala."

Katikati kitu kiligonga kwa chini, jiwe kubwa. Nilijua ndio mwisho. Lakini lile bamba la chuma ulilolichomelea chini ya injini huku ukinung'unika, ndilo lililopokea. Gari likapanda juu ya jiwe, likashuka, likaendelea.

Hassan na watu wake waliacha kuchimba. Walituona tukipita, kichwa cha ndama juu ya paa kikiwatazama, na msafara wa ngamia nyuma yake. Hassan akaweka mkono kifuani akasema taratibu, "Mwalimu, kweli umebeleka mtoto." Kesho yake, alipochomolewa, alikuja kuniuliza bei ya magari haya.

Tulifika silanga jua likielekea kushuka. Ngamia walikunywa mpaka nikachoka kuwatazama. Nililia kidogo, na nilipangusa mavi ya ndama kwa kikombe kimoja cha maji, maana ile sakafu ya nyuma haishiki uchafu.

Eeddo aliinama akalitazama lile bamba, limebonyea. Akauliza ni nani aliyelitia. Nikasema ni baba yangu, mzee wa malori, anayeamini kwamba gari hili ni banda la kuku. Akacheka hadi akakaa chini. Kisha akamwita Abdi, na mbele yake akamshika ndama sikio akasema kwamba huyu, na uzao wake wote, katika kundi lake ni wa yule mzee aliyetia chuma. Kwao neno kama hilo likishasemwa mbele ya shahidi halirudi. Ni jike, Baba. Una ngamia Takaba.

Nisalimie Mama, na Mjomba Mwakio fundi aliyesema nibadilishe mkanda wa feni kabla ya safari. Mwambie alinena kweli. Msalimie Shangazi Mghoi anayeniombea kila Jumatano. Na shemeji aliyedai mwanamke hawezi kuendesha kupita Garissa, mpe salamu mara mbili.

Njoo likizo ya Agosti uione mali yako. Nitakupokea stendi kwa gari hilohilo, na utaketi nyuma, mahali alipoketi yeye. Manyoya yake sijayapangusa.

Mwanao,
Wakesho