Siku nilifunga courant na kadenasi

Siku ya ine, jioni. Mvua imepiga Mangobo tangu asubui, viatu vyangu vimejaa matope, na nimecheka leo mpaka mashavu yananiuma.

Bon, niandike mbele ya kusahau.

Tulienda kufunga variateur kwa mashini ya mupunga ya Mama Zaina. Variateur ni kale kasanduku kanakaa kati ya umeme na moteur, kanaanzisha moteur polepole. Zamani, kila mara Mama Zaina akiwasha, moteur ilikuwa inaruka, mukanda unakatika, na taa za avenue yote zinalegea. Majirani walikuwa wamechoka kumutukana.

Tulikuwa wawili, mimi na tonton Ramazani, ndugu mudogo wa papa. Ni yeye alinifundisha kazi hii. Miaka sita sasa namubebea sakoshi ya vyombo, maana kwetu mwanafunzi ndiye anabeba, fundi anatembea mikono mitupu.

Tonton iko na kosa moja, na si yake peke yake, ni ya mafundi wengi wa hapa Kisangani. Umeme unakatwa kila siku, donc tumezoea kuona ile kama ruhusa. Courant ikienda tu, watu wanaingiza mikono. "Haraka, mbele ya courant kurudi!" Ndivyo tunavyofanya kazi.

Nakiri, na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Mwezi uliopita courant ilirudi nikiwa nimeshika waya kwa nyumba ya mutu. Ilinitupa chini kama gunia. Sikuambia mutu, hata tonton. Kesho yake nikanunua kadenasi, kakufuli kadogo tu, nikakatia ndani ya sakoshi.

Sasa leo, tumeanza tu kufungua kasanduku, courant ikaenda. Tonton tayari iko na tournevis, bisibisi yake, mukononi. "Aya, Amina, tuingie!"

Nikasema hapana.

Mimi! Kwa tonton! Nilishusha disjoncteur kubwa, ile swichi inakata umeme wote wa mashini, nikaipitishia kadenasi, nikafunga, ufunguo nikaufundika kwa pindo la kitenge.

"Mutoto ya ndugu yangu," tonton akasema, "courant iko mbuzi, unaifungia?"

Wamama waliokuja na mupunga wao walicheka mpaka moja akashika tumbo. Nilisikia haya, masikio yakawa moto. Lakini ufunguo sikutoa.

Nikapima waya zote, zote zero. Tukafunga waya ya udongo kwanza, kisha tatu za umeme kwa vis, zile skurubu, za kuingilia, na tatu za moteur kwa vis za kutokea. Nilizirudilia mara mbili, maana ukizichanganya, kasanduku kanakufa palepale. Tonton akasema vis za kuingilia atazikaza mwenyewe, mikono yangu bado laini.

Ndipo ngambo ya avenue radio ikalia, na watoto wakapiga kelele, "Courant imerudiii!"

Vidole viwili vya tonton vilikuwa juu ya shaba.

Hakuna kitu kilitokea.

Alitazama vidole vyake. Akatazama kadenasi. Akatoa mikono polepole, akakaa kwa gunia la mupunga. "Ee Mungu wangu," akasema, na sauti ndogo sana. Nikaanza kulia, halafu nikamuambia yote ya mwezi uliopita. Wallahi, alinigombeza! "Ulinificha ile? Mimi?" Katikati ya kugombeza akaanza kucheka, na mimi nikacheka na machozi yangu, na wamama wakatufuata.

Tulipomaliza, tukafunga kifuniko, nikahakikisha kila mutu ametoa mikono, nikafungua kadenasi. Moteur ikaamka taratibu, kama mutu munene anatoka kitandani. Hakuna taa ililegea. Mama Zaina akacheza ndombolo mbele ya mashini, akatupatia loso na pondu, wali na majani ya muhogo, mpaka tukashindwa.

Wakati wa kurudi nikatafuta sakoshi, siioni. Tonton alikuwa amefika barabarani, iko kwa bega lake. Nikamukimbilia.

"Tonton, leta nibebe."

"Fundi anatembea mikono mitupu," akasema, wala hakugeuka.

Nimetembea Mangobo yote hivyo, sijui mikono niiweke wapi. Kesho asubui naenda sokoni kumununulia kadenasi yake.