Dirisha la Depo

Alunguli, Kindu
9 Februari 2024

Mpendwa mdogo wangu Bénie,

Nakusalimu sana. Je, baridi ya huko Irlande imeuachia mgongo wako? Sisi ni wazima. Mama magoti yanamsumbua, lakini Jumapili bado anafika kanisani wa kwanza.

Picha za ile nyumba unayosafisha zilifika kwenye simu ya mke wangu Fifi, nikazitazama kwa macho ya mwashi. Kumbe miaka mia mbili na hamsini iliyopita walijua kazi: nyumba kubwa katikati, mabawa mawili sawasawa, na nyuma ua wenye banda la farasi na chumba cha kufulia, vyote vya mawe ya kuchonga. Jiko wameliweka mbali na sebule, kama sisi.

Lakini umeandika kwamba madirisha ya mbele ni kumi na nane. Hesabu tena. La tatu kushoto, ghorofani, ni ukuta mtupu uliochorwa vioo, ili kushoto kufanane na kulia. Miaka minne uko hapo, na hilo huna habari!

Dirisha lililozibwa mimi halinipiti. Unakumbuka mwaka 2002, wenye silaha walipoingia nyumba kwa nyumba wakitafuta wasichana. Baba alikuficha kwenye depo, ghala letu la mchele nyuma ya jiko. Mlango tukaufunika kwa kuni, dirisha tukaliziba kwa tofali na kulipaka masizi lionekane la zamani. Tofali la mwisho niliweka mimi, wewe ukiniangalia. Nilikuambia, "Usilie, mutoto ya mama. Dirisha hii nitaifungula miye mwenyewe."

Siku ya tisa ukatolewa kwa mlango. Dirisha likabaki vile vile, nasi tukaendelea kuweka mchele humo.

Safari yako iliyopita ulilala kwa shangazi Scholastique, mtaa wa Mikelenge. Sasa umeandika kwamba mwezi wa saba utalala hoteli. Mama aliposomewa hayo hakula. Mimi niliona aibu, kwa sababu najua unachokikimbia.

Jumamosi iliyopita niliyabomoa yale matofali ya dirisha la depo. Mama alisimama uani mpaka jua likafika sakafuni mwa depo. Akasema, "Sasa Bénie akuye nyumbani."

Fremu ni ya libuyu, ile mbao ngumu ya msituni kwetu, na kitasa nimekiweka ndani. Utafungua na kufunga wewe.

Shangazi Scholastique, Fifi na watoto wanakusalimu. Mungu akulinde njiani mpaka mlangoni petu.

Wako akupendaye, aliyechelewa miaka ishirini na miwili,
Kaka yako Okito