Kinu Kilikuwa Mezani Kwangu

Mlango Na. 4, Ghorofa ya Kwanza,
Juu ya Duka la Vioo.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Natumaini goti limepoa na sasa unashuka ngazi bila kulitukana. Shemeji je, kikohozi kimemwachia? Mimi ni mzima, ila kiganja cha kulia kimevimba, na sababu yake utaisoma humu.

Barua yako niliipata juzi. Umeniomba mambo mawili: nikuandikie jinsi tunavyotengeneza ule mtindi mzito wa majani wa kuchovyea mkate, na nimrudishe binti yako Chiriku kwa mumewe kabla ya Jumamosi, siku ambayo wazee watakaa kikao. Umeyaweka kwenye mstari mmoja, kama mtu anayeagiza sukari na kiberiti. Nitayajibu pamoja, maana ni jambo moja.

Chukua lita mbili za mtindi mgando, mimina kwenye kitambaa cheupe, funga, ning'iniza kwenye bomba la sinki tangu asubuhi mpaka alasiri. Maji yote yadondoke. Kinachobaki kiwe kizito, kijiko kisimame chenyewe. Kisha kuna giligilani, nanaa, majani ya vitunguu, limau, na vitunguu saumu vya kutwanga.

Hapo kwenye kutwanga ndipo tulipoponzeka. Unajua Chiriku alikuwa akikaa ghorofa ya juu yangu, na kila Alhamisi alitwanga kwenye kile kinu cha jiwe ulichompa siku ya ndoa. Dari langu lilitikisika: du, du, du. Tangu mwaka jana nimezisikia kelele hizo Alhamisi, Jumatatu, siku yoyote, nami nikimwambia mwenye duka la vioo, "Leo binti yangu ameamua kutulisha!" Naye akicheka: "Huyo mume atanenepa mpaka ashindwe kupita mlangoni." Jengo zima lilizoea. Mimi, ninayeyaandikia magazeti kila wiki nikipigania haki za watu nisiowajua, nilikaa chini ya dari hilo nikinoa sentensi zangu.

Wiki mbili zilizopita, Alhamisi asubuhi, Chiriku aliniletea kinu na mtindi wake. "Mama mdogo, leo nitwangie wewe. Mkono nimeubana mlangoni." Nikamwambia anunue miwani. Hakucheka. Yule asiyenyamaza hata chakula kikiwa mdomoni aligeuka akapanda ngazi.

Alasiri nikamenya vitunguu saumu. Kinu kilikuwa mezani, mbele yangu. Mchi ulikuwa mkononi mwangu, sijauinua bado. Na juu ya kichwa changu: du, du, du.

Nilipanda na mchi, Dada. Mlango haukuwa na komeo. Yule fundi umeme, mkwe wako unayemsifu kwa upole, alikuwa amejizungushia nywele za mwanao kwenye ngumi, anamgonga kichwa kwenye mlango wa kabati la vyombo, taratibu, kama anapigilia msumari. Damu ilitoka sikioni ikamchuruzika mpaka kwenye kola. Chiriku hakutoa sauti. Kumbe alijizoeza kutolia, nisije nikasikia.

Yule mtu akaniona. Hata hakumwachia. Akasema, "Shikamoo mama mdogo. Haya ni ya mume na mke."

Nilimpiga kiwiko. Mfupa ukaalika. Alipoziachia nywele nikampiga bega, kisha goti, akaanguka akimwita mama yake. Ningeendelea. Sitakudanganya, nilitaka kuendelea, na nilikuwa naulenga mdomo ule ule ulionipa shikamoo. Mwenye duka la vioo ndiye aliyenikumba kwa nyuma akinisihi, "Inatosha, jamani, utafungwa, inatosha!"

Daktari amekuta mbavu mbili zimevunjika na ngoma ya sikio la kushoto imepasuka. Amekuta pia vidole viwili vilivyovunjika zamani vikajiunga vibaya. Zamani, Dada. Ni katika zile siku nilizosema anatulisha. Polisi nimeandikisha maelezo, ya aliyoyafanya mkwe wako na ya niliyoyafanya mimi pia. Wakinishtaki nitakwenda.

Mkwe wako amekupigia simu akasema mkewe aliteleza kwenye mtindi uliomwagika. Mtindi upi? Mtindi wote wa nyumba ile ulikuwa kwangu, unadondosha maji kwenye sinki langu!

Najua utasema nimesoma vitabu mpaka nikaharibika. Umeniandikia kwamba ndoa ni uvumilivu. Basi niambie: ni nani katika nyumba ile aliyekuwa akivumilia, na ni nani aliyekuwa akipumzika? Na hao wazee wako wakae, wanywe chai, wamalize biskuti. Mtoto wetu hasikii tena upande wa kushoto. Wao wana masikio mawili mazima na hakuna aliyeyatumia kumuuliza swali hata moja. Wala wewe hujamuuliza. Wala mimi sikumuuliza, na hilo nitakufa nalo.

Sasa anakaa kwangu. Siku ya kwanza niliyotwanga, alijikunja chini ya meza, mikono kichwani. Kinu nimekifungia. Kwa hiyo andika hivi: vitunguu saumu vikatwe kwa kisu, vidogo sana, polepole. Ladha hupungua kidogo. Ipungue.

Leo asubuhi alikata mwenyewe, majani yote. Nilimsomea barua hii mpaka hapo juu, nikamuuliza kama kuna la kuongeza. Akakoroga, akakamua limau, akaonja kwa ncha ya kidole kilichopinda.

"Mwambie mama chumvi iwekwe mwisho," akasema. "Ikitangulia, majani yanatoa maji."

Nikaandika. Nikadhani amemaliza.

"Na mwambie sirudi."

Nisalimie Shemeji, shangazi wa cherehani, na mjukuu wetu Kibonge, mwambie meno yakiota yote nitampa zawadi. Mungu akuponye goti, akupe ujasiri, akufikishe hapa kabla ya Jumamosi, uje umtazame mwanao usoni halafu ndipo uniambie nimrudishe wapi. Mtindi utakuwa tayari. Ukae upande wake wa kulia.

Mdogo wako, akupendaye hata anapokufokea,

Mama mdogo wa Chiriku.